Dirisha la Tatu

Pale Mkata basi halisimami, linapumua tu. Dereva anakanyaga breki, konda anaruka kumshusha abiria mmoja na kiroba chake, na hujamaliza kusema bismillahi gari limeshaondoka. Ndani ya pumzi hiyo moja ndimo watu wanamouza mahindi ya kuchemsha, mihogo ya kuchoma, mayai na machungwa. Beseni linapanda hadi dirishani, mkono wa abiria unatoka, hela inashuka, na mwenye beseni anakimbia hatua tano sita pembeni mwa gari kumalizia biashara yake. Asiyefikisha beseni dirishani atabaki kuyauzia magurudumu.

Ili watu wasitoane macho, wauzaji wa Mkata wana utaratibu wao. Kila mtu ana dirisha lake. Basi liwe jekundu au la bluu, liwe limetoka Arusha au Lushoto, dirisha lako ni lile lile, na ukimwingilia mwenzako utaitwa kikaoni. Mwanaidi alikuwa na dirisha la tatu kutoka mlangoni, kwa mabasi yanayoteremka kwenda Dar. Alilipata mwaka aliofariki mumewe, marehemu Mhina, na alikuwa amelishika miaka kumi na mmoja. Nalo ni dirisha zuri. La kwanza huzibwa na konda, la pili huzibwa na wanaoshuka, lakini la tatu liko wazi, na sijui kwa nini wanaolikalia huwa wametoka usingizini na wana njaa.

Mwaka jana, akioga, mkono wake ulikuta kivimbe kwenye titi la kulia, kigumu kama punje ya njugu mawe. Mwanaidi alikuwa mtu wa kutazama mambo, si wa kuyafumbia macho. Wiki ile ile alikwenda hospitali ya wilaya, akapimwa, akaandikiwa barua ya kwenda Dar. Huko, mwezi wa Novemba, madaktari waliliondoa titi lenye saratani, na juu ya meza ile ile wakachukua nyama ya mgongoni mwake, chini ya kwapa, wakaizungusha mbele na kumtengenezea titi jingine. Alipozinduka alikuta mirija miwili inaning'inia ubavuni na mkono wa kulia mzito kama si wake.

Kabla hajaondoka alikuwa amekwenda kwa Mzee Awadhi, mwenyekiti wa wauzaji.

"Mama Sharifu," mzee alimwambia, maana Sharifu ni mwanawe wa kwanza, "nenda ukatibiwe. Dirisha lako lipo. Mwanaisha wa dirisha la tano atalishika. Lakini machungwa ya kwanza ya Muheza yakiingia hapa, uje ulifikie kwa mikono yako. Ukilifikia, lako. Usipolifikia, ni la Mwanaisha. Sisemi kwa ubaya, ndivyo tulivyomfanyia hata mdogo wangu alipovunjika mguu."

"Nimekubali, mzee. Inshallah nitarudi."

Basi jambo lilikuwa hilo tu. Machungwa ya kwanza huingia mwezi wa tano. Mwanaidi alikuwa na miezi sita ya kuufundisha mkono kupanda.

Asingeweza peke yake, na Mungu hakumwacha peke yake. Kule wodini vitanda vinne vilivyofuatana vilikutanisha wanawake wanne, wote wametoka bara ya Tanga, wote wametengenezwa matiti mapya katika juma moja. Wa kwanza Mwanaidi mwenyewe. Wa pili Agripina, fundi cherehani, mzaliwa wa milimani Lutindi aliyeolewa Masuguru, pale Korogwe mjini. Wa tatu Noonkipa, mama wa Kimaasai kutoka mbuga za Handeni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wa nne Husna, mwalimu wa shule ya msingi Korogwe, msichana wa miaka thelathini na moja, ambaye siku tatu za mwanzo aligeukia ukutani na hakusema na mtu.

Siku ya nne Agripina aliinua shuka lake, akajitazama, akatangaza wodi nzima isikie: "Mimi langu limetoka tumboni. Miaka yote mume wangu Benedicto ananicheka kitambi. Haya, kitambi kimepandishwa cheo!"

Noonkipa naye akajibu kutoka kitandani kwake. "Bora wewe. Langu lilikuwa mgongo. Limebeba kuni miaka ishirini. Sasa limekaa mbele linaniuliza, mama, kuni ziko wapi?"

Husna aligeuka kutoka ukutani akicheka huku ameshika nyuzi zake na machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo wakawa kitu kimoja.

Waliporudi nyumbani walipatana kukutana kila Alhamisi kwa Agripina, Masuguru. Agripina aliwashonea sidiria za kitambaa laini cha pamba zisizo na waya, maana za dukani zilikuwa zinachimba makovu. Walikandana makovu kwa mafuta ya nazi, kila mmoja mgongo wa mwenzake asioufikia mwenyewe. Aliyekuwa na siku ya kwenda kliniki kuangaliwa tena hakwenda peke yake, hata kama ilikuwa Dar. Na baridi ile ya titi jipya, ambalo ukiligusa halijui kama umeligusa, waliizungumza humo chumbani tu. Nje nani angeelewa?

Jambo moja lilimtisha Mwanaidi. Kila alipouvuta mkono, titi jipya liliruka lenyewe, kama chura aliyefunikwa kitambaa. Mara ya kwanza alidhani linabanduka. Alimpigia Noonkipa simu alfajiri.

"Ni mgongo huo, dada," Noonkipa alimwambia. "Umehamishwa kijiji, bado unakumbuka kazi ya kule. Langu linaruka kila nikifukuza mbuzi. Utazoea."

Akazoea.

Halafu kulikuwa na ukuta. Sista Hosiana, mtaalamu wa mazoezi kule hospitali, aliwafundisha kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kama buibui anavyotambaa, kila siku juu kidogo, bila kulazimisha. Agripina alikuwa na ukuta mweupe wa chokaa uani. Akachukua kipande cha mkaa, akamwambia kila mmoja ataje kazi anayoitaka mkono wake uifanye tena, akachora alama kimo cha kazi hiyo.

"Ukuta huu nilipaka chokaa Pasaka," Benedicto alilalamika mlangoni.

"Pasaka ni kufufuka, Benedicto," mkewe akamjibu. "Acha watu wafufuke."

Alama ya Agripina ilikuwa ya kamba anayotundikia nguo za wateja. Ya Husna ilikuwa ukingo wa juu wa ubao wa darasani. Ya Noonkipa ilikuwa paa la nyumba yake, kwa sababu kwao mama mwenye nyumba ndiye anayelikandika samadi, na mwanamke ambaye paa lake linavuja husemwa mpaka minadani. Na ya Mwanaidi ilikuwa dirisha la basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zote. Agripina alikwenda stendi ya Korogwe na futi yake ya ufundi, akasimama kando ya basi, akapima kutoka chini hadi dirishani, akarudi na kuichora.

Mwanaidi hakuanza na hiyo. Alianza na alama yake ya siri, ambayo hakuichora mahali. Miezi miwili alikuwa anasali akiwa ameketi, na kwenye takbira mkono wa kushoto ulipanda ukiwa mpweke, wa kulia ukiishia kifuani. Siku moja ya Januari, sala ya alfajiri, alisema Allahu Akbar na mikono yote miwili ikafika mabegani pamoja. Alisahau alichotaka kusoma. Alibaki hapo juu ya mkeka akilia na kucheka, ikabidi aianze sala upya. Asubuhi alipiga simu tatu, na huko Masuguru Agripina, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani amezaa.

Mwezi wa pili Agripina akatundika nguo. Wa tatu Noonkipa akakandika paa lake, akatuma picha akiwa juu, samadi mpaka viwikoni, anacheka. Husna bado alikuwa na shubiri mbili kufika ubao wake. Yeye alipigwa dawa nyingi kuliko wao. Na Mwanaidi alikuwa anapanda. Alipanda kama konokono, lakini konokono harudi nyuma.

Alhamisi ya pili ya mwezi wa tano alisimama mbele ya ukuta, wenzake nyuma yake.

"Bismillahi," alisema, vidole vikaanza kutambaa. Kimo cha kidevu. Kimo cha macho. Kimo cha paji. Ngozi ya kwapani ikavutika, titi likaruka, akapumua kama alivyofundishwa, akaendelea.

"Usinyanyue kisigino!" Agripina alifoka.

"Sijanyanyua."

"Mwache mama, refa umekuwa mkali," Husna alisema. "Twende, mama, twende! Kidogo tu! Kidogo!"

Ncha ya kidole cha kati ikagusa mkaa. Kikarudi cheusi.

Kelele zilizotoka uani pale! Noonkipa aliruka ruka kwa miguu yote miwili kama vijana wao wanavyoruka, shanga zinalia. Husna alimkumbatia Mwanaidi kwa upande, kwa ule mtindo wao wa kukumbatiana bila kubanana vifua. "Mama, umetisha! Umetisha kabisa!" Benedicto alitumwa soda. Mwanaidi alikitazama kidole chake cheusi njia nzima ya kurudi Mkata, hakukifuta.

Aliposhuka Mkata jua lilikuwa bado lipo. Alipita kwa wauzaji kuwasalimu, na kwa furaha aliyokuwa nayo akasimama mahali pake, pale pale alipokuwa anasimama miaka kumi na mmoja, ili ajionee tu. Basi la Tanga likaja. Likapumua. Mwanaidi aliinua macho kwenye dirisha la tatu.

Dirisha lilikuwa juu.

Alidhani ni basi hilo. Akangoja jingine. Nalo likawa juu. Akatazama chini, na hapo ndipo alipoona. Basi linasimama juu ya lami, lakini wauzaji husimama pembeni, kwenye udongo ulioliwa na mvua, karibu na mtaro. Miguu yake ilikuwa chini ya lami kwa shubiri nzima. Miaka kumi na mmoja alikuwa anasimama shimoni na hajawahi kujua, kwa sababu mkono ulikuwa mzima. Mkono mzima haupimi.

"Dada Mwanaidi!" Mwanaisha alimwita kutoka kwenye beseni lake la mayai. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi. "Umekuja kukitazama kiti chako? Mzee Awadhi amepigiwa simu. Machungwa yanaingia keshokutwa Jumamosi. Mkono vipi, utafika? Au nikuazime ngazi?"

Watu wakacheka. Mwanaidi naye akacheka kidogo, ili wasione hofu yake.

Alipofika nyumbani alimpigia Agripina.

"Uliposimama kupima kule stendi, mwenzangu, ulisimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu. Pale stendi si pamesakafiwa? Basi na mimi tulikuwa juu ya saruji moja." Kisha akashtuka. "Yesu wangu. Mkata mnasimama wapi?"

"Mtaroni."

"Nimekupoteza, Mwanaidi," Agripina alisema. "Miezi sita nimekupandisha mlima usio wako."

"Hukunipoteza. Hata mimi mwenye mtaro sikukumbuka."

Ijumaa, watu walipokuwa wanatoka msikitini, wenzake wote watatu walishuka kwenye basi pale Mkata. Noonkipa alikuwa amelala kwa Agripina. Husna alikuwa bado kwenye likizo ya ugonjwa. Agripina aliingia uani kwa Mwanaidi na futi shingoni, hata shikamoo ya majirani aliiitikia akiwa anatembea. Alikuwa ameshapima pale barabarani, akiwa ndani ya mtaro mwenyewe, viatu vimejaa matope. Akachora alama mpya kwenye ukuta wa jiko. Kutoka pale kidole cha Mwanaidi kilipofika hadi alama mpya palikuwa na shubiri moja na kidole.

"Tumpigie Sista Hosiana," Husna alisema. Wakampigia, wakaweka sauti ya wote kusikia.

"Shubiri kwa siku moja? Msithubutu," Sista alisema. "Mkiuvuta kwa nguvu mtachana kilichoshonwa. Mkono wenyewe umefanya kazi yake, usiadhibiwe. Tafuteni njia nyingine." Kisha akaongeza, "Mnakumbuka zoezi la kwanza kabisa? La kitandani? Haya, nina wagonjwa," akakata.

Walikaa. Chai ilimiminwa, ikapoa.

"Mama, mbona rahisi?" Husna alisema ghafla. "Wa kushoto ni mzima. Inua beseni kwa kushoto, biashara imeisha!"

Mwanaidi alimtazama kama mtu aliyeambiwa ale mchana wa Ramadhani. "Mwanangu. Nimpe mtu chakula kwa mkono wa kushoto? Mzee wa watu anatoka safari, ananyoosha mkono wake wa kulia, mimi namsukumia machungwa kwa kushoto? Afadhali dirisha liende."

"Watu wa siku hizi hawaangalii, mama."

"Mimi naangalia."

Agripina alitikisa kichwa. "Yuko sahihi. Hata sisi Lutindi ukimpa mtu kitu kwa kushoto atakuuliza umemchukia lini."

Noonkipa alikuwa anazungusha kikombe chake. "Kwetu," alisema taratibu, "mzee hapewi kibuyu cha maziwa kwa mkono mmoja. Hata wa kulia. Mkono mmoja ni wa kumrushia mbwa mfupa. Mzee unampa kwa miwili."

Wote wakamgeukia.

"Zoezi la kitandani," Mwanaidi alisema polepole. Alisimama. Siku ya pili baada ya upasuaji, Sista Hosiana aliwafungamanisha vidole vya mikono yote miwili, akasema, mkono mzima ni dada mkubwa, umshike mdogo wake umpandishe. Alikuwa amelisahau zoezi hilo kama mtu anavyosahau alivyojifunza kutambaa.

Alichukua beseni tupu. Akalishika kwa mikono miwili, kushoto chini likibeba uzito, kulia ukingoni. Akasimama mbele ya ukuta wa jiko. Bismillahi. Kushoto ukapanda, na kulia, kwa kuwa haukuwa na mzigo tena, ukafuata. Ulipita pale ulipoishia jana bila kelele. Ukingo wa beseni ukagonga ukuta.

"Chini ya alama, vidole viwili," Agripina alisema.

"Weka kapu badala ya beseni," Husna alidakia. "Lile la ukindu, lina mdomo mrefu!"

Wakaleta kapu la ukindu lililokuwa limetundikwa jikoni. Agripina alifungua mkoba wake, akatoa sindano, akashona mfuko mdogo wa kitambaa chekundu kwenye ukingo, wa abiria kutumbukiza hela mwenyewe, kwa kuwa mikono yote ya muuzaji ina kazi. Machungwa wakapanga kuyafunga kwenye mifuko sawa kwa sawa, bei moja, isitafutwe chenji. Mwanaidi akainua. Mdomo wa kapu ukaufunika mkaa, ukapita.

Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakitazama kapu, mikono midomoni, macho yanawaka. Kisha Noonkipa akasema, "Sasa kimbia nalo," na Mwanaidi akakimbia, akazunguka ua mara tatu kapu likiwa juu, kuku wakitawanyika, Husna anakimbia mbele yake akiunguruma kama basi na kupiga honi kwa mdomo, na Agripina nyuma anapiga makofi. Kucheka kukamshinda Mwanaidi, kapu likaanguka. Walimfanyisha tena mara sita, na kupumzika kila mara, hadi akaweza kukimbia bila kucheka. Hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi.

Jioni walipanda basi la kurudi Korogwe. "Tutakuombea kesho," Agripina alisema dirishani, uso umetulia mno.

Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, lori la machungwa kutoka Muheza likashusha. Harufu yake ilijaa kituo chote. Mwanaidi alifunga mifuko yake, akaipanga ndani ya kapu, akaenda kusimama mtaroni. Mzee Awadhi alisimama kando na fimbo yake. Mwanaisha alisimama nyuma kidogo na beseni lake, tayari. Wauzaji wengine walijifanya hawatazami.

"Kapu?" Mwanaisha alisema. "Unakwenda sokoni au unauza?"

"Utaratibu unasema kufikisha," Mzee Awadhi alisema. "Hausemi chombo."

Basi la kwanza likatokea kilimani, la kijani. Likapunguza mwendo, likapumua. Akasema bismillahi, mikono ikapanda pamoja, titi likaruka mara moja kama kumsalimu, na kapu likasimama sawasawa na dirisha la tatu. Dirisha likafunguliwa. Likatoka kwanza sikio lenye shanga, halafu kichwa kizima cha Noonkipa.

"Mama, machungwa matamu haya?" aliuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Nyuma yake Husna alikuwa tayari anapiga kelele, "Umetisha! Umetisha!" na Agripina anapiga vigelegele katikati ya abiria. Noonkipa alitumbukiza hela, akachukua mfuko, na wote watatu wakashuka mlangoni mbio mbio kabla gari halijaondoka, wakamzunguka Mwanaidi.

Mzee Awadhi alisubiri wamalize. Kisha akakohoa. "Mama Sharifu, hao ni watu wako."

Kelele zikakatika.

"Ni kweli, mzee," Mwanaidi alisema.

"Mtu wako atachukua hata ukimpa kwa mguu. Hilo silihesabu. Lijalo ndilo."

"Haki hiyo," Mwanaisha alisema.

Agripina alifungua mdomo, Mwanaidi akamshika mkono. "Mwache. Haki ni haki. Kaeni pembeni, msinichekeshe."

Basi la pili lilikuwa jeupe, refu kuliko la kwanza, na lilikuja kwa kasi. Halikusimama sawasawa hata kidogo. Lilipunguza tu mwendo na kuanza kujivuta. Mwanaidi akainua na kutembea nalo, kisha akakimbia, dera limekusanywa kiunoni, mikono yote juu. Dirisha la tatu lilikuwa wazi. Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa ametazama upande wa mbele, kwenye dirisha la pili, ambako kijana alikuwa anamsukumia beseni kwa mkono mmoja na kumpigia mluzi. Mzee aligeuka. Akaliona kapu. Akaona mikono miwili iliyolishika, na mwanamke wa makamo anayekimbia chini yake bila kuitikisa.

"Ah," alisema. "Huyu amefunzwa kwao."

Akatumbukiza hela kwenye mfuko mwekundu, akachukua mifuko miwili, mmoja akampa aliyekaa naye. Naye akatoa hela yake. "Allah akuzidishie, mama!" mzee alipaza sauti basi likishika kasi, na Mwanaidi akabaki barabarani anahema, kapu bado liko juu, kana kwamba amesahau namna ya kulishusha.

Mzee Awadhi aligonga lami kwa fimbo. "Dirisha la tatu, Mama Sharifu."

Sasa ndipo kituo kizima kilipolipuka. Vigelegele vya Kizigua, vya Kisambaa, vya Kimaasai, na honi ya bodaboda mmoja ambaye hakujua hata kuna nini. Mwanaisha alisimama na beseni lake kwa muda. Kisha akalishusha chini, akaweka mkono mdomoni, na kigelegele chake kikawa kirefu kuliko vyote, kwa kuwa alikuwa na kifua. Alipomaliza alimsogelea Mwanaidi, akauliza kwa sauti ya chini, hana mzaha, "Dada, hicho kivimbe chako. Kilikuwa kinauma mwanzoni?"

Mwanaidi alimtazama usoni. "Hapana. Hakikuuma hata kidogo."

Mwanaisha aliangalia pembeni. "Changu pia hakiumi."

"Jumatatu," Mwanaidi alisema pale pale. "Jumatatu asubuhi tunakwenda wote hospitali ya wilaya. Mara nyingi huwa si kitu. Kama si kitu, tutarudi kuuza. Kama ni kitu, Masuguru kuna ukuta." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na dirisha langu la tano?"

"Litashikwa. Nitalishika mimi."

Wakati huo Agripina alikuwa ameshateremka tena mtaroni, viatu kwenye matope, futi imenyooshwa, anamfokea Husna ashike ncha ya juu. Basi la tatu lilikuwa linakuja kilimani. "La tano je?" alipaza sauti. "Dirisha la tano lina kimo gani? Safari hii sipimii stendi!"

Mwanaidi akaokota kapu lake, akakimbilia mahali pake.